Zabibu wa Buluu

Mkurugenzi aliponiambia kwamba Zabibu wangu wameanguka tu kutoka juu, nilikuwa nimeshika brashi nyembamba kuliko ukope. Niliiweka chini taratibu. Mimi nina hasira za karibu, na brashi nzuri hazipatikani ovyo.

"Rudia," nikamwambia.

"Nimesema wameanguka, mama. Shimo lina kuta, na kuta zinamomonyoka. Hao unaowaona kwenye sahani yako si wa chini. Wametoka juu, wakateremka na matope."

"Na Vifungo?"

"Vifungo ndio wenyeji. Tumeshaipita chokaa, au hapa haikuwepo kabisa. Nang'oa mtambo kesho."

Afadhali nieleze tulichokuwa tunagombania, maana asiyejua atadhani watu wazima wawili walikuwa wanazozana juu ya matunda na nguo. Mji wetu ulikuwa hauna maji. Mabomba yalikuwa yanakohoa hewa, na ndoo zilipanga foleni kusubiri magari ya maji tangu alfajiri. Chini ya mji, kina kirefu, kuna tabaka la chokaa lililojaa maji. Juu ya chokaa hiyo kuna tope la kijivu lililogeuka mwamba. Chini yake pia kuna tope la kijivu lililogeuka mwamba. Haya matope mawili ni pacha. Rangi moja, harufu moja, na hata ukionja, kama tunavyoonja sisi tusio na aibu, utamu wake ni ule ule wa kutokuwa na utamu. Ukiwa ndani ya shimo huwezi kujua uko kwenye tope lipi. Ni visukuku peke yake vitakavyokuambia.

Navyo ni vidogo kuliko chembe ya sukari. Ni magamba ya viumbe wa bahari ya zamani, waliokufa wakazama kwenye tope la sakafu yake. Wale wa tope la kale, lile la chini ya chokaa, ni bapa na mviringo, kwa hiyo tunawaita Vifungo, kama vya shati. Walikwisha kabisa kabla chokaa haijaanza kulala. Wale wa tope jipya ni vijipovu vilivyoshikana kama kishada, nao ni Zabibu. Hao walizaliwa chokaa ikiwa imeshalala zamani. Majina ya kitaalamu ni marefu na hayana utamu mdomoni. Basi ukimkuta Zabibu ndani ya mwamba, uko juu, chokaa bado iko chini yako, endelea kuchimba. Ukikuta Vifungo watupu, umeshapita, funga virago. Mimi nimefanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nikisema tabaka fulani ni la enzi fulani, ramani hubadilishwa. Najisifu, ndiyo. Anayetaka unyenyekevu akautafute idara nyingine.

Sasa kwenye shimo hili vikaja vyote pamoja. Kila vumbi la mwamba lililopanda na matope ya kuchimbia lilikuwa na Zabibu na Vifungo sahani moja. Mkurugenzi alisema Zabibu wameanguka kutoka kwenye kuta za juu. Mimi nilisema Vifungo ndio wageni: mto wa enzi za Zabibu ulilimega tope la kale mahali fulani nchi kavu, ukayazoa magamba ya marehemu na kuyamwaga kwenye bahari mpya. Ushahidi wangu ulikuwa kingo zao. Vifungo wa shimo hili walikuwa wamelika, kama sabuni iliyobaki bafuni mwisho wa mwezi.

"Kulika ni maoni," akasema Mkurugenzi. Sitamvunjia heshima. Ni mtu anayeijua miamba, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Ingekuwa ya kijinga nisingekasirika vile.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Yeye ndiye msimamizi wa mtambo wa kuchimba, na ameoa mdogo wangu. Aliingia na buti zenye matope hadi katikati ya maabara, jambo ambalo nimemkataza tangu harusi yao.

"Shemeji," akasema, "wadudu wako wamekufa zamani sana, hawana haraka. Mimi nina vijana na mashine inaunguruma. Nichimbe au nisichimbe?"

"Chimba."

"Usichimbe," akasema Mkurugenzi.

Shemeji akatutazama kwa zamu. Akavuta kiti, akakaa. "Basi nikate mchi."

Mchi ndivyo mafundi wanavyokiita kipande kizima cha mwamba kinachokatwa chini kabisa, mviringo na kirefu kama mchi wa kutwangia. Vumbi linaweza kuchanganyika njiani, lakini moyo wa mchi haujaguswa na kitu tangu bahari iliyouweka pale. Tatizo ni kwamba tope lile lilikuwa linavimba. Ukisimamisha bomba ili ukate mchi, linaweza kukwama chini na lisitoke tena, na msimamizi aliyekwamisha bomba hapewi mtambo mwingine.

"Utajitia kitanzi," Mkurugenzi akamwambia.

"Ni bomba langu na shingo yangu. Shemeji yangu akisema kuna maji, kuna maji. Ana mdomo, lakini hana uongo."

Mkurugenzi alifikiri kidogo, akakubali shingo upande. Masharti yakawa haya: ndani ya mchi akiwemo hata Zabibu mmoja, tunaendelea. Asipokuwemo, mtambo unahama, na mji wetu unarudi mwisho wa foleni ya nchi nzima. Kwa jinsi foleni hiyo inavyotembea, wajukuu wetu ndio wangekuja kuuliza zamu yao. Nikasema sawa, nitausoma mwenyewe.

Mkurugenzi akageuka, akanyoosha kidole ukutani. Kuna karatasi pale niliyoiandika kwa mkono wangu na kuibandika kwa gundi yangu, na akaisoma kwa sauti, bila haraka, kama mtu anayekunywa chai: "Aliyekwisha kutoa kauli hasomi sampuli ya kuamua."

Nilitamani kumlaani aliyeiandika. Sheria ni nzuri lakini. Macho yakishajua yanachotaka, yatakiona hata kisipokuwepo. Msomaji wa pili alikuwa likizo ya uzazi. Akabaki mmoja tu, na huyo alikuwa Kobe.

Kobe ni binti wa kwanza wa shemeji na mdogo wangu. Mimi ni mama yake mkubwa, na kazini mimi ndiye niliyemfundisha kushika brashi. Jina la Kobe alipewa na maabara nzima, na kusema kweli mimi nilikuwa wa kwanza kulitamka. Sahani ninayoimaliza mimi kabla chai haijapoa, yeye anaimaliza chai ikiwa imesahauliwa. Tena hasemi asichokiona. Ukimwuliza kama mvua inanyesha, atatoka nje kwanza, arudi na mkono uliolowa, ndipo aseme "ndiyo." Nilishamgombeza mara nyingi kwa hilo. Nilimwambia siku moja atakuja mchumba kumwuliza kama anampenda, naye atamwomba asubiri akakague.

"Baba yake anachimba, mama yake mkubwa anabisha, na yeye ndiye hakimu," Mkurugenzi akasema. "Hii si maabara tena, ni kikao cha ukoo."

"Basi simama nyuma ya kiti chake uangalie," nikamjibu.

Kobe alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Nitasoma," akasema. "Lakini mtu asiniharakishe."

Mchi ulipatikana. Bomba lilikwama mara moja, shemeji akalibembeleza, likatoka. Alipouleta alikuwa ameupakata ndani ya nailoni, na safari hii buti alizivua mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi zilizotoboka. Nikajua kwamba anaogopa. Tuliumenya ule mchi kwa kisu, tukatupa ganda lote la nje lililoguswa na matope ya kuchimbia, tukachukua moyo. Tukauloweka hadi ukavunjika ukawa uji wa kijivu. Kobe akaenda kusafisha hadubini yake. Mimi nikasema nitaosha sampuli, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi, la sivyo ingetafuta shingo ya mtu.

Kuosha ni kumimina uji ule kwenye chekecheo lenye matundu madogo kabisa, na kufungulia bomba la maabara, maana sisi tulikuwa na tangi, mpaka tope lote liondoke yabaki magamba. Niliosha mpaka maji yakatoka meupe. Nikakausha kwenye tanuri, nikamkabidhi Kobe vumbi dogo lisilojaza kijiko. Akalinyunyiza kwenye sahani nyeusi, akakaa, akainama kwenye hadubini. Mkurugenzi akasimama nyuma yake. Shemeji akaegemea mlango. Mimi nikakaa kwenye kigoda cha wageni, mahali ambapo sikuwahi kukaa.

"Kifungo," akasema Kobe, akamnyanyua kwa ncha ya brashi iliyolowa na kumpanga kwenye kadi. "Kifungo, amelika. Kifungo. Kifungo, amevunjika."

Ikawa hivyo. Mstari baada ya mstari, Kifungo, Kifungo, Kifungo. Simu ya Mkurugenzi ikaita, akaenda dirishani kuongea. Kwa maneno yake nilielewa ni watu wa malori, wanauliza waje lini kubeba mtambo. Shemeji alikuwa ameacha kuegemea mlango, sasa anaushikilia.

Halafu brashi ya Kobe ikasimama hewani.

Mimi simwangalii msomaji usoni, namwangalia mabega. Mabega ya mtu aliyeona anachokitafuta hupanda kidogo. Ya Kobe yalipanda. Nikajua: Zabibu huyo. Nilishajiona nasimama, nampa Mkurugenzi vidonge vyake kimoja kimoja. Lakini Kobe alishika taa kwanza. Akageuza taa upande mmoja, akaigeuza upande mwingine. Mabega yakashuka.

"Yuko Zabibu mmoja," akasema.

Shemeji akashusha pumzi kama tairi.

"Ni wa buluu."

Hapa lazima mtu aelewe buluu ni nini kwetu. Hakuna chekecheo safi duniani. Hata uoshe vipi, gamba moja litajificha kwenye tundu na kutokea kwenye sampuli inayofuata, likupotoshe uandike enzi isiyo yake. Kwa hiyo kila tukimaliza kuosha, tunalichovya chekecheo kwenye rangi ya buluu. Lililobaki humo linapakwa. Likijitokeza kesho kwenye sampuli nyingine, linakuja limevaa sare, unalijua kuwa ni la jana na hulihesabu. Zabibu huyu hakutoka kwenye mchi. Alitoka kwenye sampuli iliyotangulia, na aliyeosha chekecheo nilikuwa mimi.

"Buluu kiasi gani?" shemeji akauliza. "Mwanangu. Buluu kabisa, au unadhani tu?"

"Kidogo. Ndani ya kitundu kimoja cha gamba."

"Kimoja tu."

"Kinatosha, baba." Akamnyanyua yule Zabibu, akampeleka kwenye kona ya kadi, peke yake, mbali na wenzake. "Hahesabiki."

Niliinuka nikaomba nitazame. Sheria inanikataza kusoma, hainikatazi kuona. Niliangalia na sikuona buluu yoyote. Nikageuza taa. Nikaigeuza tena, nikafumba jicho moja, ndipo nikaiona: kivuli chepesi cha rangi, ndani kabisa ya kitundu, mahali ambapo jicho la haraka haliingii. Jicho langu lingempita. Mkurugenzi alikuwa dirishani amegeuka. Baba mtu alikuwa anaomba kwa macho. Neno moja, "mweupe," yaani hana rangi, na hakuna mtu katika chumba kile, mimi nikiwemo, ambaye angembishia.

Nilifedheheka kwa ajili ya chekecheo langu, na sikupenda fedheha ile hata kidogo. Lakini chini ya fedheha nilisikia kitu kingine kinanijaa kifuani. Nilijivunia mtoto yule kuliko nilivyowahi kujivunia tabaka lolote nililolipa enzi, na nilijivunia wakati ule ule alipokuwa ananiangusha.

"Ni wa buluu," nikasema kwa sauti ya kumfikia Mkurugenzi. "Chekecheo nimeliosha mimi."

Mkurugenzi akaja, akainama, akakawia sana kwenye hadubini. Alipoinuka hakucheka, namshukuru kwa hilo. "Pole, mama," akasema. "Basi tumemaliza."

"Mimi sijamaliza," akasema Kobe.

"Imebaki robo ya sahani, binti."

"Ndiyo hiyo sijaimaliza."

Akarudi kuinama. Mkurugenzi akaangalia simu yake, akaangalia kile kisogo kilichoinama, akairudisha mfukoni. Shemeji aliteleza na mlango mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilibaki nimesimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue Kobe, sikutamani aongeze mwendo. Kifungo. Kifungo, amelika. Kifungo. Jua likahama kutoka meza moja kwenda nyingine.

"Mama mkubwa, naomba sindano."

Nikampa. Alikuwa anageuza kitu kwa ncha ya sindano, taratibu, upande huu na upande ule, chini na juu. Nikamwangalia mabega na sikuweza kuyasoma, yalikuwa yametulia tu.

"Kuna kipunje cha mwamba ambacho hakikuvunjika kwenye maji," akasema, kama anayeagiza chumvi. "Ubavuni kina Kifungo amelika. Katikati kuna Zabibu. Nusu yake bado imezikwa. Tope la mchi limejaa kwenye vitundu vyake vyote. Ni mweupe." Akageuza tena. "Nimekagua pande zote. Ni mweupe."

Nilishika ukingo wa meza. Zabibu na Kifungo aliyelika wamelala kwenye chembe moja ya mwamba, katika moyo wa mchi. Hapo hakuna aliyeanguka kutoka juu. Walizikwa pamoja siku moja, Zabibu akiwa mwenyeji na Kifungo akiwa mfu aliyebebwa na mto. Tope lile lilikuwa jipya. Chokaa ilikuwa bado chini.

Mkurugenzi alipiga hatua kuelekea kwenye hadubini, kisha akasimama. "Endelea kuchimba," akamwambia shemeji.

"Hujatazama," nikasema.

"Aliyemtoa yule hana sababu ya kunidanganya kuhusu huyu." Akavuta kiti. "Sasa nitatazama. Kwa raha yangu tu."

Akatazama muda mrefu, na alipoinuka alinipa mkono, mimi kwanza, kisha Kobe, na wa Kobe akaushika kwa mikono miwili. Vile vidonge nilivyomwandalia nikavimeza mwenyewe. Shemeji alikuwa ameshatoka mbio na soksi zake, na ilibidi arudishwe kuvaa buti.

Chokaa ilipatikana kabla wiki haijaisha. Mtambo ulibadilisha mlio, shemeji akasema baadaye kwamba aliusikia kwa nyayo kabla ya masikio. Tulikuwepo wote pale uwanjani, na watu wa mtaa na ndoo zao, yalipoanza kupanda maji. Kwanza yalikuja kama uji, halafu kama chai ya maziwa, halafu yakaja yanang'aa, mengi, bila kukatika, yakatulowesha wote na hakuna aliyesogea. Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi. Kobe alikuwa amechuchumaa pembeni anajaza mifuko ya sampuli na kuiandika namba.

Shemeji akamwendea, kofia ya kazi mkononi, maji yanamchuruzika usoni.

"Ungenyamaza tu juu ya ile buluu," akamwambia, "moyo wangu usingesimama siku ile."

"Ingekuwa yule peke yake, baba, ningekwambia ung'oe mtambo."

"Na maji haya yakiwa hapa chini? Unajua yapo, na bado ungeniambia niondoke?"

Kobe akafunga mfuko, akaufikiria mfuko, akamfikiria baba yake.

"Ningekuwa sijui, baba," akasema.

Shemeji akavaa kofia yake. Mtu yule amepiga kelele maisha yake yote juu ya sauti ya mashine, lakini sasa sauti yake ilikuwa ndogo. Akawageukia mafundi wake, akasema, "Huyu ni mtoto wangu." Wale wa mbali hawakusikia kwa mvumo wa maji, wakamwuliza amesemaje. Akavuta pumzi ili arudie, na hapo sikuvumilia, nikasimama upande wa pili wa Kobe, mimi na shemeji tukalisema neno lile kwa pamoja.